Ralph Bunche: mtafiti wa migogoro aliyefundishwa Kiswahili na Kenyatta

Mjini Nairobi, si mbali na Nairobi Hospital, ipo barabara iitwayo Ralph Bunche. Madereva wa teksi huitaja kila siku, wagonjwa na wauguzi huipita asubuhi na jioni, na wengi wao hulitamka jina hilo bila kujua lilikuwa la nani. Mwenye jina alikuwa Mmarekani mweusi, profesa wa sayansi ya siasa, aliyefika Kenya mwaka 1938 akiwa na kamera ya filamu, daftari na Kiswahili cha kuombea maji. Miaka 22 baadaye alirudi barani Afrika akiwa mwakilishi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, katika siku zile zile ambazo nchi hiyo ilipata uhuru na kuanza kumeguka.

Dunia humkumbuka Bunche kama mtu mweusi wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hilo ni kweli, lakini kabla ya kuwa mwanadiplomasia alikuwa mtafiti, na mtafiti huyo alishughulishwa kwa miaka mingi na swali ambalo sisi tuishio katika ukanda wa Maziwa Makuu tunalijua kwa uchungu: je, watu hupigana kwa sababu ya rangi na kabila zao, au yupo anayefaidika kwa kuwapanga hivyo?

Alizaliwa Detroit, katika jimbo la Michigan, Agosti 7, 1903, ingawa nyaraka nyingi za maisha yake ziliandika 1904. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alikuwa mgonjwa, na familia ilihamia Albuquerque, New Mexico, kwa matumaini kwamba hewa kavu ya huko ingemponya. Haikumponya. Alifariki mwaka 1917, na mtoto Ralph, akiwa na umri wa miaka 13, akabaki mikononi mwa bibi yake, Lucy Taylor Johnson, aliyewahamishia wajukuu wake Los Angeles. Kila aliyeandika maisha ya Bunche anamtaja bibi huyo kuwa ndiye aliyeshikilia kwamba kijana aende chuo kikuu, wakati vijana wengi weusi wa mtaa wao waliishia katika kazi za mikono.

Katika chuo kikuu ambacho leo kinajulikana kwa kifupi kama UCLA alicheza mpira wa kikapu, akafanya kazi ya usafi ili kujikimu, na mwaka 1927 akahitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Harvard ilimpa nafasi, lakini nauli na fedha za matumizi hakuwa nazo. Wamarekani weusi wa Los Angeles walichangishana dola 1,000 na kumkabidhi. Mwaka 1928 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, ambako alianzisha idara ya sayansi ya siasa, na mwaka 1934 alipata shahada ya uzamivu ya Harvard, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya ngazi hiyo katika sayansi ya siasa.

Anayetaka kumwelewa Bunche aanzie kwenye tasnifu yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, makoloni ya Ujerumani yaliwekwa chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa lililokuwa na makao yake Geneva. Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, Ruanda-Urundi ikakabidhiwa Ubelgiji, na sehemu kubwa ya Togo ikaenda kwa Ufaransa. Kwa maneno ya mkataba, nchi hizo hazikuwa makoloni tena, zilikuwa amana. Jirani na Togo, Dahomey, ambayo leo ni Benin, ilibaki koloni la kawaida la Ufaransa. Bunche alikwenda kuzilinganisha nchi hizo mbili. Alitaka kujua kama mkulima wa Togo, aliyekuwa chini ya macho ya Geneva, aliishi tofauti na mkulima wa Dahomey ambaye hakuwa na wa kumwangalia. Jibu alilolipata ni kwamba tofauti ilikuwa ndogo sana. Walioketi Geneva walisoma taarifa zilizoandikwa na mtawala mwenyewe, na malalamiko ya wananchi yalipitia mikononi mwa mtawala huyo huyo. Hawakwenda kuona.

Mwaka 1936 alichapisha kitabu kidogo juu ya rangi na siasa za dunia, A World View of Race. Alidai humo kwamba mgawanyo wa binadamu kwa rangi hauna msingi wa kisayansi, na kwamba watawala huutumia kama pazia la kufichia unyonyaji wa kiuchumi. Baadaye yeye mwenyewe alikiona kitabu hicho kuwa kiliandikwa kwa haraka, na kwa kweli kina ukali wa kijana aliyesoma Umarksi na kuupenda. Hata hivyo hoja yake ya msingi hakuiacha.

Mwalimu wa Kiswahili

Ufadhili wa masomo wa miaka miwili, kuanzia 1936, ulimwezesha kujifunza mbinu za wanaanthropolojia, ambao walikaa na watu na kuwasikiliza badala ya kusoma takwimu za serikali tu. Alihudhuria semina za Bronisław Malinowski mjini London, na huko alikutana na mwanafunzi mwingine wa profesa huyo, Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa akiandaa kitabu chake juu ya Wakikuyu. Kenyatta alihitaji fedha, Bunche alihitaji lugha. Basi Rais wa baadaye wa Kenya akawa mwalimu wa Kiswahili wa mshindi wa baadaye wa Nobel.

Septemba 1937 Bunche aliwasili Afrika Kusini, ambako mtu mweusi mwenye pasipoti ya Marekani alikuwa kitendawili kwa maofisa. Kwa miezi mitatu alizunguka migodini, shuleni na katika vitongoji, na Desemba alikuwa Bloemfontein akifuatilia mikutano ya kisiasa ya Waafrika. Daftari lake la safari, ambalo lilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, limejaa mambo madogo madogo: nani aliketi wapi, nani alisalimiwa na nani. Aliona jinsi Waafrika, machotara na Wahindi walivyogawiwa haki kwa vipimo tofauti, kila kundi likipewa kitu kidogo cha kuogopa kukipoteza kwa kundi lililo chini yake.

Kutoka huko alipanda hadi Afrika Mashariki. Katika wilaya ya Kiambu, Kenya, alipata nafasi ya kushuhudia irua, yaani sherehe ya tohara ya Wakikuyu, wakati ambapo suala la tohara ya wasichana lilikuwa limewagonganisha wamisionari na wananchi kwa karibu miaka 10. Makala aliyoichapisha mwaka 1941 inaeleza alichokiona bila mahubiri ya upande wowote. Aliyezoea kusoma maandishi ya Wazungu wa enzi hizo juu ya jambo hilo atashangaa kwa utulivu wake.

Aliporudi nyumbani alijiunga na Gunnar Myrdal, mwanauchumi wa Sweden, katika utafiti mkubwa kuhusu ubaguzi wa rangi nchini Marekani. Waliendesha gari pamoja katika majimbo ya kusini, safari ambayo kwa Mzungu na mtu mweusi kukaa kiti kimoja ilikuwa ya hatari. Bunche alimwandikia Myrdal ripoti 4 zenye kurasa zipatazo 3,000. Kisha vita vikaja. Serikali ya Marekani iligundua kwamba ilikuwa na watu wachache mno walioijua Afrika, na mwaka 1941 ikamchukua profesa wa Howard kuwa mchambuzi wake wa mambo ya bara hilo, kwanza katika idara ya ujasusi na kuanzia 1944 katika Wizara ya Mambo ya Nje.

Hapo ndipo tasnifu ya Togo na Dahomey ilipofanya kazi. Mwaka 1945, mjini San Francisco, Bunche alikuwa miongoni mwa walioandaa sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu makoloni na nchi za udhamini. Mfumo mpya ulikuwa na mambo ambayo ule wa Geneva uliyakosa: wananchi waliweza kupeleka malalamiko yao, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitakiwa kwenda kuona hali kwa macho yake kila baada ya muda. Mwaka 1946 alihamia Umoja wa Mataifa na kuongoza idara ya udhamini. Mwaka 1948 ujumbe wa kwanza ulifika Ruanda-Urundi na Tanganyika, na safari hizo ziliendelea kila baada ya miaka mitatu.

Kwa Tanganyika mlango huo ulikuwa na manufaa makubwa. Mwaka 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York na kuieleza dunia madai ya chama cha TANU. Kwa Ruanda-Urundi habari ni nzito zaidi. Ubelgiji ilikuwa imeshaanza tangu miaka ya 1930 kuandika kabila la mtu katika kitambulisho chake, na ujumbe uliokuja na kuondoka haukuufuta utaratibu huo. Novemba 1959, Rwanda ikiwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mauaji yalianza na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Kuja kuona, kama alivyotaka Bunche, kulikuwa hatua mbele ya kusoma taarifa. Hakukutosha.

Sahani za Rhodes

Wakati idara yake ikiendelea na kazi hiyo, Bunche mwenyewe alikuwa amevutwa upande mwingine. Mwaka 1947 alitumwa Palestina pamoja na kamati maalumu iliyopaswa kupendekeza hatima ya nchi hiyo baada ya utawala wa Uingereza. Kamati iligawanyika. Walio wengi walitaka nchi igawanywe, walio wachache walitaka shirikisho moja, na kwa kuwa Bunche ndiye aliyejua kuandika kwa kasi na kwa ufasaha, aliwaandikia pande zote mbili. Novemba 29, 1947, Baraza Kuu lilipitisha mpango wa kugawanya nchi. Mei 1948 taifa la Israel lilitangazwa na nchi za Kiarabu zikaingia vitani.

Mpatanishi aliyeteuliwa alikuwa Folke Bernadotte wa Sweden, Bunche akiwa msaidizi wake mkuu. Septemba 17, 1948, wanamgambo wa kundi la Kizayuni la Lehi waliusimamisha msafara wa Bernadotte mjini Jerusalem na kumpiga risasi. Bunche alikuwa amecheleweshwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kanali wa Kifaransa, André Sérot, aliyeketi karibu na mpatanishi garini, mahali ambapo Bunche angeketi, aliuawa pia.

Bunche alirithi kazi ya marehemu. Januari 1949 aliwakutanisha wajumbe wa Misri na wa Israel katika hoteli moja kwenye kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Mwanzoni Wamisri hawakutaka kuonekana wakizungumza na Waisraeli, kwa hiyo alikwenda kutoka chumba hadi chumba, usiku na mchana, akiwa na vipande vya karatasi. Alianza na mambo madogo yasiyoweza kukataliwa, kama orodha ya ajenda, na hata hiyo akataka itiwe saini, ili wajumbe wazoee kuweka majina yao kwenye karatasi moja. Jambo gumu zaidi lilikuwa kikosi cha Misri kilichozingirwa Faluja, ambamo alikuwamo ofisa kijana aitwaye Gamal Abdel Nasser. Mazungumzo yalikaribia kuvunjika mara kadhaa. Inasimuliwa kwamba Bunche aliagiza kwa mfinyanzi wa kisiwani sahani za ukumbusho kwa ajili ya kila mjumbe, akawaonyesha, na baada ya kila kitu kumalizika akawatania kwamba wangeshindwa kuafikiana angewavunjia sahani hizo vichwani. Hati ilitiwa saini Februari 24, 1949. Lebanon ilifuata Machi, Jordan Aprili na Syria Julai.

Katika chumba cha habari, neno la kusitisha mapigano tunalibebesha mizigo mingi mno. Kilichotiwa saini Rhodes hakikuwa usitishaji wa mapigano wa siku kadhaa, wala hakikuwa mkataba wa amani. Kilikuwa makubaliano ya kuweka silaha chini na kuchora mistari ya muda, huku amani yenyewe ikisubiriwa. Bunche alijua tofauti hiyo kuliko waandishi waliompongeza. Alijua pia nani hakuwapo mezani. Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wamekimbia au kufukuzwa, na hawakuwa na ujumbe wao Rhodes.

New York ilimpokea kwa maandamano ya shangwe. Rais Truman alitaka kumpa wadhifa wa juu katika Wizara ya Mambo ya Nje, naye akakataa, kwa sababu hakuwa tayari kuirudisha familia yake Washington, jiji ambalo watoto wake wangebaguliwa shuleni. Alipotangaziwa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 alifikiria kuikataa pia, akiona kwamba mtumishi wa umma hafanyi upatanishi ili apewe zawadi. Katibu Mkuu, Trygve Lie, alimtaka aipokee. Miaka minne baadaye serikali ya nchi yake mwenyewe ilimhoji kwa tuhuma za ukomunisti kabla ya kumsafisha, na mwaka 1959 mwanawe alinyimwa uanachama wa klabu ya tenisi mjini New York kwa ajili ya rangi yake. Klabu iliomba radhi baada ya habari kuenea. Bunche hakujiunga.

Mwaka 1956, baada ya Israel, Uingereza na Ufaransa kuivamia Misri, alipewa jukumu la kuunda kwa siku chache jeshi ambalo halikuwahi kuwapo: askari wa nchi 10 ambao kazi yao haikuwa kupigana, ila kusimama katikati. Tatizo moja lilikuwa jinsi ya kuwatofautisha na wavamizi. Kofia za Kimarekani zilipakwa rangi ya buluu. Watoto wa Goma na Bukavu wanaozitambua kofia hizo kwa mbali wanaona kitu kilichobuniwa kwa haraka katika wiki hizo za Novemba.

Kongo

Bunche aliwasili Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, siku chache kabla ya Juni 30, 1960. Alitumwa na Dag Hammarskjöld kuhudhuria sherehe za uhuru na kuangalia ni msaada gani wa kitaalamu ungehitajika. Alikuta nchi kubwa yenye wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30, na jeshi, Force Publique, lisilokuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Kamanda wake Mbelgiji, Jenerali Janssens, aliwaeleza askari kwamba uhuru haubadilishi chochote jeshini. Julai 5 waliasi. Bunche alikuwa katika Hoteli Stanley wakati askari walipoingia na bunduki na kuwatoa wageni vyumbani, naye akiwamo.

Kisha mambo yakaenda kasi. Julai 10 askari wa Ubelgiji waliingilia kati bila idhini ya serikali ya Kongo. Julai 11 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Siku iliyofuata Rais Joseph Kasavubu na Waziri Mkuu Patrice Lumumba waliomba msaada wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, na Julai 14 Baraza la Usalama liliukubali. Ndani ya saa 48 askari wa Kiafrika, Watunisia wakiwa miongoni mwa wa kwanza, walianza kutua. Hadi Jenerali Carl von Horn alipowasili, kamanda wao alikuwa mtafiti huyu wa miaka 56, mgonjwa wa kisukari, asiyekuwa na cheo chochote cha kijeshi.

Katanga ndiyo iliyomjaribu. Jimbo hilo lilikuwa na shaba, na shaba ilikuwa ya kampuni ya Union Minière. Chama cha Tshombe, Conakat, kilijieleza kuwa sauti ya wenyeji halisi dhidi ya wageni, hasa Waluba waliotoka Kasai kufanya kazi migodini, na nyuma ya serikali yake walisimama maofisa na washauri wa Kibelgiji. Kabila mbele, mgodi nyuma: ni kana kwamba mtu alikuwa amelisoma kile kitabu cha mwaka 1936 na kukitengenezea mfano.

Agosti 4 Bunche aliruka hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi, kuandaa kuingia kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Tshombe na mawaziri wake walimweleza kwamba askari hao wangepigwa vita. Aliyapima aliyoyaona na kumshauri Hammarskjöld aahirishe. Aliamini kwamba wangeingia kwa nguvu damu nyingi ingemwagika, kwamba Baraza la Usalama halikuwapa ruhusa ya kupigana, na kwamba jeshi la kulinda amani likianza vita yake ya kwanza barani Afrika halitaaminika tena mahali popote. Siku chache baadaye, Agosti 12, Hammarskjöld mwenyewe alikwenda na askari wa Sweden baada ya kukubaliana na Tshombe. Lumumba hakuhusishwa. Majeshi yaliingia, kujitenga kukaendelea.

Lumumba aliona usaliti. Aliomba jeshi limsaidie kuiunganisha nchi, akapewa jeshi linalotofautisha kati ya ugomvi wa nje na wa ndani. Bunche, kwa upande wake, alichoshwa na Waziri Mkuu aliyebadilisha madai kila siku, na barua alizoiandikia familia yake zinaonyesha kwamba hakumpenda hata kidogo. Mwishoni mwa Agosti aliondoka Kongo. Septemba Kasavubu na Lumumba walitangaza kufutana kazi. Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa huko huko Katanga.

Watetezi wa Bunche husema kwamba alikuwa na askari wachache, amri yenye mipaka na Baraza lililogawanyika kati ya Washington na Moscow. Yote hayo ni kweli. Lakini mwandishi huyu anaona kwamba mtu aliyekwisha kuandika jinsi mgawanyo wa watu unavyotumika kulinda maslahi, alikuwa na kila sababu ya kutambua mapema kuliko wengine kwamba katika Katanga kutoegemea upande wowote kulikuwa na upande. Kila wiki ya kungoja ilimpa Tshombe nafasi ya kuajiri mamluki. Kujitenga kulimalizwa Januari 1963, kwa nguvu, na majeshi hayo hayo ya Umoja wa Mataifa. Bunche alirudi Kongo mwezi huo kuona hali ilivyokuwa.

Habari za kifo cha Lumumba zilimfuata hadi New York. Februari 15, 1961, Wamarekani weusi, wanaume kwa wanawake, waliingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama wakipiga kelele za maandamano, wakapigana na walinzi. Bunche aliomba radhi kwa niaba ya watu weusi wa Marekani. Mwandishi wa tamthilia Lorraine Hansberry alimjibu hadharani kwa kumwomba radhi mjane wa Lumumba kwa ajili ya radhi ya Bunche. Sijui kama kuna pigo jingine lililomuuma zaidi maishani mwake. Kijana aliyechangiwa dola 1,000 na watu wake ili aende shule aliambiwa sasa kwamba hana mamlaka ya kuwasemea.

Hakuwa, hata hivyo, amewakimbia. Machi 1965, akiwa na miguu dhaifu na macho yanayopoteza nuru, alitembea katika safu ya mbele pamoja na Martin Luther King kutoka Selma kuelekea Montgomery kudai haki ya kupiga kura. Kazini alisimamia vikosi vilivyopelekwa Cyprus mwaka 1964, ambako Wagiriki na Waturuki wa kisiwa hicho walikuwa wakiuana. Mei 1967 alishuhudia kazi yake ya mwaka 1956 ikivunjwa: Misri, chini ya yule yule Nasser aliyezingirwa Faluja, ilitaka kofia za buluu ziondoke, Katibu Mkuu U Thant akakubali, na Juni 5 vita vikalipuka. Bunche ndiye aliyebaki kueleza kwa waandishi, kwa miezi mingi, kwamba jeshi lililoingia kwa ridhaa ya mwenye nchi haliwezi kubaki bila ridhaa hiyo. Wachache walimwelewa. Hoja hiyo ilisikika tena hivi karibuni Kinshasa ilipotaka MONUSCO iondoke, na askari wake wakaondoka Kivu Kusini Juni 2024.

Alitaka kustaafu mara kadhaa, na kila mara U Thant alimwomba abaki. Mwaka 1971 mwili ulikataa. Alifariki mjini New York Desemba 9, 1971, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, Bronx. Siku hiyo Watanzania walikuwa wakiadhimisha miaka 10 ya uhuru wa Tanganyika, nchi ya udhamini iliyopelekewa wakaguzi kwa kanuni alizosaidia kuziandika.